Jibu: Mchezaji asiyetarajiwa huibukaje kutoka ligi ndogo za besiboli?

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje kijana ambaye hakutiliwa maanani akiwa katika ligi ndogo za besiboli Marekani aibuke ghafla kuwa nyota. Kwa maoni yangu, mara nyingi anayeonekana kuibuka ghafla alikuwa bado anajifunza kazi mpya, na mfano ulio bora ni Jacob deGrom, mrushaji wa mpira.

Katika Chuo Kikuu cha Stetson alikuwa mdakaji wa katikati ya kituo cha pili na cha tatu, na kazi ya kumrushia mpigaji mpira aliianza akiwa karibu kuondoka. Timu ya New York Mets ilimchagua mwaka 2010 katika raundi ya 9 ya uteuzi wa kila mwaka, ambapo timu hupokezana kuchagua wachezaji chipukizi, akiwa mtu wa 272, na kabla mwaka haujaisha alifanyiwa upasuaji wa kiwiko uliomweka nje msimu mzima wa 2011. Hapo ndipo penye jambo lenyewe: akijiuguza Florida, alikutana na Johan Santana, mrushaji mkongwe aliyekuwa naye akiuguza jeraha, na Santana akamfundisha namna ya kuushika mpira wa polepole, ule unaotoka mkononi kwa kasi ileile ya mkono lakini ukamfikia mpigaji kwa kuchelewa.

Alipanda Ligi Kuu Mei 2014, akiwa na miaka 25, akawa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, mwaka huohuo, kisha akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, mwaka 2018 na 2019. Kwa hiyo, unaposoma orodha za vijana wanaotarajiwa, tazama pia nani amebadilishiwa nafasi karibuni.