Akila mabuyu anavimba mdomo, ni ile rangi?

SWALI: Daktari, salaam aleikum. Mwanangu Naima ana miaka 6, kila akinunua mabuyu nje ya shule anarudi ulimi mwekundu vidole vyekundu, haipiti saa moja mabaka yashamjaa mgongoni anajikuna mpaka analia. Juzi hata mdomo wa juu ulivimba. Bibi yake asema ni damu chafu, jirani ananiambia nimkataze mayai, samaki na maziwa, na kuna maabara wanataka nilipie kipimo cha damu cha vyakula mia. Nifanyeje jamani? Mama Naima, Mombasa.

JIBU: Waaleikum salaam mama Naima, pole sana. Hiyo pesa usitoe kwanza. Vipimo vya aina hiyo mara nyingi vinapima IgG, aina ya kingamwili ya damu, ambayo inaonyesha tu mtoto ashakula kitu fulani, haisemi kama ana aleji nacho. Na rangi nyingi za chakula hazina kipimo cha kutegemewa, si cha damu si cha ngozi, tunaitambua kwa kufuatilia tu, kwa hivyo hayo uliyoniandikia yana faida kuliko karatasi ya maabara.

Hebu kumbuka, ashawahi kula mabuyu meupe yasiyotiwa rangi? Kama alikula na hakudhurika basi ubuyu wenyewe hauna kesi, tunabaki na rangi au viungo. Na viazi karai vya njano je? Ile rangi ya njano ya unga mara nyingi ni tatrazini, kwenye pakti za krisps na juisi za unga inaandikwa E102, na nyekundu tafuta E122, E124 na E129. Muuza mabuyu hana lebo, nenda umuombe akuonyeshe kikopo cha rangi anachotumia ukipige picha.

Lakini nikwambie kweli, aleji ya rangi ni nadra, watoto wengi wakitoka mabaka ni virusi vya mafua tu. Ndio maana nataka daftari: amekula nini saa ngapi, mabaka yametoka saa ngapi, alikuwa na homa, alimeza dawa gani. Wiki 3 asiguse chochote chenye rangi, ila mayai, samaki na maziwa kama hula bila tabu mwachie, mtoto bado anakua huyo!

Baada ya hapo usimjaribishe mabuyu nyumbani kuona itakuwaje, kwa sababu mdomo ushavimba. Mpeleke na daftari kwa daktari wa watoto, akiona haja atajaribiwa hukohuko hospitali kidogo kidogo.

Mabaka peke yake mpe sitirizini ya maji, dawa ya aleji, kipimo uliza famasia kwa kilo zake. Ila akianza kukohoa, kifua kupiga mluzi, sauti kukwaruza, au kulegea, usingoje sitirizini ifanye kazi. Kimbia hospitali saa hiyohiyo, umbebe asitembee, na ukifika tu waambie ni aleji ili wamdunge sindano ya adrenalini pajani.