Usimuulize aliua wangapi

Kaka yangu, askari, aliporudi kutoka kulinda amani Kongo nyumba ilijaa watu. Mama alichinja, majirani wakaja, na vijana wakamzunguka na swali lao: "Uliua wangapi?" Hata mimi nilimuuliza, nikidhani namwonyesha fahari yangu. Alitabasamu kidogo, akainuka, akaenda kukaa uani peke yake. Baada ya hapo alinyamaza kwa miezi.

Kitu kimoja kilinishangaza. Nikifua suruali zake nilikuta bendeji mfukoni, imefungwa vizuri ndani ya nailoni. Niliitupa, nikidhani imesahauliwa. Kesho yake ikawepo nyingine, hata kwenye suruali ya kuendea msikitini.

Mwezi wa Mei 2019 tulikuwa tunafuturu, redio ikatangaza habari za Chancy Chitete, askari wa Malawi. Mwezi wa Novemba 2018, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Malawi na Tanzania walikuwa wakipambana na waasi wa kundi la ADF huko Kididiwe, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo. Mtanzania mmoja alijeruhiwa, hawezi kusogea. Chitete alimfuata chini ya risasi, akamvuta hadi penye kinga, akaanza kumpa huduma ya kwanza. Hapo naye akapigwa. Mtanzania yule alipona, Chitete akafariki. Operesheni ile ilichukua walinda amani kadhaa, wengi wao Wamalawi. Umoja wa Mataifa ukamtunuku Chitete Medali ya Kapteni Mbaye Diagne, yenye jina la Msenegali aliyeokoa mamia ya watu Rwanda mwaka 1994 kabla ya kuuawa yeye mwenyewe.

Kaka alibaki ameshika tende mkononi. Kisha akasema, "Ukimvuta mtu mzito, mikono yote miwili ina kazi. Bunduki huwezi kuishika. Ukimfunga damu pia huwezi. Yule alijua hilo, na akaenda."

Hakuwepo Kididiwe, zamu yake ilikuwa imekwisha. Lakini usiku ule alitusimulia habari za Mmalawi aliyekuwa akipokezana naye lindo, aliyemfundisha kusema *zikomo*, yaani asante, na aliyebishana naye kila siku kwamba ugali jina lake ni *nsima*. Tulikaa mpaka daku.

Ndiyo maana nakuomba, wewe mwenye mume, kaka au mtoto aliyerudi kutoka huko: muulize alilala karibu na nani, nani alikuwa akimchekesha, nani alimgawia maji. Usimkalishe kama shahidi mahakamani. Sisi maneno yalikuja tukichambua mchele, tukiwa tunautazama mchele, hatutazamani. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikosa usingizi wiki baada ya wiki, akishtuka kila mlango unapobamizwa, msindikize kwa daktari. Usimwambie ajikaze, amejikaza vya kutosha.

Na kwa jirani aliyefiwa na askari, usiishie arobaini. Nenda hata mwaka ukipita, mtaje marehemu kwa jina lake mbele ya wanawe. Neno "shujaa" wameshalisikia sana. Wanachotaka ni mtu wa kuwaambia baba yao alikuwa akicheka vipi.

Bendeji sizitupi tena. Nikifua naitoa, naiweka dirishani, suruali ikikauka nairudisha mfukoni.