Kabla ya kuchota, yasome maji

Wengi wanaokuja Malindi kupima uchafu unaotoka nchi kavu hushughulikia kwanza chupa na vipimo. Wewe anza na jedwali la maji kujaa na kupwa. Chota kwenye mlango wa mto Sabaki maji yakikupwa, utapima mto. Chota hapo hapo yakijaa, unapima bahari iliyoingia ndani. Namba mbili za siku moja, na zote za kweli. Daftari lisilo na saa, upepo, wala kama ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), kwangu mimi ni karatasi tu, hata maabara ikiwa bora namna gani.

Sabaki ndiyo ile Athi ya juu na Galana ya katikati: hubeba udongo wa mashamba ya bara na majitaka ya Nairobi. Msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, tope lake husukumwa kusini, likaingia ghuba ya Malindi na kuelekea hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Kusi, upepo wa kusini-mashariki, hulipeleka kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni. Basi ukikuta maji ya ghuba ni meupe, hayana tope, mwezi Julai wakati wa kusi, usikimbilie kuandika kwamba uchafu umepungua. Waulize wavuvi; wao huyatazama maji hayo kila alfajiri, tena bila posho ya safari.

Chupa ya vijidudu imeshatakaswa, usiisuuze. Ya nitrati na fosfati, yaani virutubisho vya mbolea na majitaka, isuuze mara tatu kwa maji ya pale pale. Mlangoni mwa mto maji matamu huelea juu ya ya chumvi, kwa hiyo chota juu na chini, na kila mara upime chumvi. Vijidudu huuawa na jua: chota asubuhi, weka kwenye barafu gizani, zifike maabara siku hiyo hiyo. Baharini tafuta enterokoki, kwani hustahimili chumvi kuliko E. koli; vyote viwili ni vijidudu vinavyoashiria kinyesi.

Uchafu wa mjini ni mgumu zaidi, maana mara nyingi hakuna bomba la kuonyesha kidole. Karo za vyoo huvuja chini ya mchanga. Tembea ufuoni maji yakiwa yamekupwa kabisa, utafute mahali panapochirizika na mwani wa kijani umeshamiri peke yake, kwani mwani huo hulishwa na majitaka. Chota hapo, kisha uchote mbali napo, pasipo na nyumba, upate cha kulinganisha.