Uliza Fundi: Pawatila kuukuu nimpe mwenye duka niongeze hela, au nimuuzie jirani?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mie mkulima wa mpunga huku Wete, Pemba, nina pawatila (trekta ndogo ya magurudumu mawili, unatembea nyuma yake) ya nguvu za farasi 12, nilinunua kwa mtu, imechimba misimu mingi na bado inakwenda ila asubuhi kuiwasha mpaka vijana wawili wapokezane hendeli. Kuna duka Unguja wanasema niwapelekee, wanaikata kwenye bei ya mpya. Mpya ya farasi 15 ni milioni 9, yangu wanaipa milioni 2 na nusu. Jirani yangu anatoa milioni 2 taslimu. Naona dukani ndo kuna faida, au vipi? — M., Wete

JIBU: Waalaykum salaam. Hiyo milioni 2 na nusu usiifurahie kwanza. Mtafute mtu aliopo Unguja, aende duka lile lile aulize farasi 15 kwa mtu asiekuwa na mashine ya kukata, analipa taslimu leo leo, mwisho wake bei gani. Akiambiwa milioni 8 basi ushajua mchezo ulivo, wamepandisha mpya ili wakupandishie na kuukuu yako uondoke unacheka. Piga hesabu mwenyewe: dukani utatoa 9 toa 2 na nusu, yani milioni 6 na nusu mfukoni kwako. Ukimuuzia jirani ukenda na pesa zako unatoa 8 toa 2, milioni 6. Jirani ndo mwenye bei nzuri hapo japo katamka kidogo. Siku zote angalia kile unachoongeza wewe, bei waliyoipa mashine yako peke yake haikwambii kitu. Na kama mpya ni 9 kweli kwa kila mtu basi hesabu inageuka, lakini usiseme bado, kuna safari.

Pawatila na tela lake si kifurushi cha kumpa abiria akufikishie. Gari mpaka bandarini, hamali, meli, ikifika bandari ya Malindi, Unguja, gari nyengine na hamali wengine, yote hayo juu yako isipokuwa mmeandikiana vyengine. Halafu ikishafika kule fundi wao akaiangalia akasema ringi za pistoni zimekwisha, hii sie tunaipa milioni 1 na nusu, utafanya nini, utairejesha Wete? Hapo ndo watu wengi wanapobanwa. Kwahiyo bei ikatwe kabla chombo hakijapanda meli. Watumie video ya kuwasha asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, moshi wa egzosi uonekane, ufungue na kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma waone inapumua kiasi gani, wakikubali waandike bei kwenye karatasi yenye muhuri na muda wake mpaka lini.

Sisemi duka wezi. Wao wataifungua, watie ringi, mikanda, sili za ekseli, waiweke yadi mpaka mteja apatikane, na mteja huyo atadai garantii. Lazima wakupe chini ya bei ya mtaani, na wewe unachonunua kwao ni kukosa usumbufu tu. Kwasababu jirani nae ana yake, leo anasema taslimu kesho anakupa laki tano nyengine baada ya mavuno, na ikimharibikia mwezi wa pili habari utaikuta mpaka msikitini. Mwambie mapema kuwa inawaka kwa tabu, mbele ya watu wawili, mwandikishane kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Kuficha aibu ya mali hakujuzu na isitoshe mnakaa mtaa mmoja.

Msimu nao una bei yake. Kabla ya masika, watu wanapojiandaa kuchimba, hata pawatila mbovu inatafutwa. Ukisubiri mpaka mpunga ushaota mabondeni hakuna atakaeshughulika na wewe.

Umesahau kunambia kuhusu tela. Usilitoe bure pamoja na mashine. Pini ya kufungia tela na kipimo chake hakifanani kwa kila kampuni, kwahiyo uliza kwanza kama litaingia kwenye hiyo mpya, likiingia baki nalo, msimu wa karafuu pekee utajua faida yake, mchanga na matofali sijataja. Lisipoingia liuze mbali. Magurudumu ya chuma vilevile.


SWALI: Fundi nataka kuuza trekta yangu, nipige rangi mpya na nifungue injini ndo niuze kwa bei? — Kijana wa Bumbwisudi

JIBU: Rangi usipige. Mnunuzi mwenye akili akiona rangi mbichi anaanza kutafuta unaficha nini, kutu ya chumvi au bodi ilochomelewa. Osha vizuri, toa matope yote, badilisha oili na filta, betri iwe nzima, taa ziwake, tairi lenye pancha lizibwe. Injini usifungue, pesa utakayotia hairudi yote kwenye bei. Weka risiti za spea ulizonunua, hizo zinaongea kuliko rangi.


SWALI: Assalaam alaykum. Sie ni kikundi cha kina mama tunalima mpunga Cheju, tuna pawatila mbili tumechoka kuzitengeneza. Kaja mtu anatuletea Massey Ferguson 375 kutoka bara, anasema mita yake inaonesha imefanya kazi saa 3,000 tu, tumpe pawatila zote mbili tuongeze pesa. Tuchukue? — Mwenyekiti wa kikundi

JIBU: Waalaykum salaam bibie. Msichukue kwa maneno ya mita. Trekta hizi za mita ya waya, waya ukikatika mita inasimama na trekta inaendelea kuchimba, saa 3,000 inaweza kuwa 8,000 na hakuna atakaejua. Angalieni pedeli ya klachi na breki, mpira ukiwa umelika mpaka chuma kinang'ara basi hizo saa ni hadithi. Nendeni na fundi wenu sio wa muuzaji, mfike bila kutoa taarifa, mkikuta injini ishapashwa moto ulizeni kwanini. Oili ya giaboksi na ya nyuma ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, msiendelee. Fungeni jembe, linyanyueni juu, zimeni trekta mkae mpige soga, likishuka lenyewe upesi haidroliki imechoka. PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana) iwashwe izunguke na mzigo, sio tupu.

Lakini nina suali kwenu pia. Hiyo ni farasi 75, nzito, na bonde likishajaa maji trekta kubwa inazama ilhali pawatila inapita. Kuchimba ardhi kavu sawa, kuburuga kwenye vijaruba vidogo vyenye maji je? Mie ningebaki na pawatila moja, ile yenye afya, nikatoa moja tu. Muuzaji akikataa basi anazitaka pawatila zenu kuliko mnavodhani, na hapo mna nguvu ya kupatana nae.

Jengine, kama hizo pawatila mlipewa na mradi au serikali, someni karatasi za makabidhiano kabla hamjaahidi mtu, nyengine zina sharti la kutouza. Na wanachama wakae kikao, muhtasari uandikwe wasaini, risiti itoke kwa jina la kikundi, sio jina la mwenyekiti. Hilo utaniwia radhi lakini nishaona vikundi vinavunjika kwa risiti.


SWALI: Shekhe mmoja kanambia kubadilisha mashine kwa mashine halafu ukaongeza pesa ni riba. Kweli? — Abu F., Chake Chake

JIBU: Mie fundi, sio mufti, huyo shekhe mrudie akufafanulie. Ninachojua, na wengi tumesomeshwa madrasa, ni kuwa vile vitu vya kubadilishana sawa kwa sawa vimetajwa sita: dhahabu, fedha (ile madini), ngano, shayiri, tende na chumvi. Trekta haimo. Mashine yako pamoja na pesa kwa mashine nyengine ni biashara mradi bei ijulikane.

Pengine alokusudia ni mkopo unaokuja nyuma yake, maana duka likishakata mashine yako linakwambia kilobaki lipa kidogo kidogo, na ukichelewa kinaongezeka. Hapo ndo pa kuuliza. Benki zipo zenye murabaha, PBZ (Benki ya Watu wa Zanzibar) wana huduma ya Ikhlas, benki inanunua kwanza halafu inakuuzia wewe kwa bei ilotajwa na faida yake ndani, haibadiliki. Ukenda njia hiyo uza kuukuu yako mwanzo upate taslimu, kisha hizo pesa ndo uende nazo benki kama kianzio, kuliko kuwaingiza duka, benki na pawatila yako kwenye mkataba mmoja usioelewa nani kapokea nini. Na kabla hujasaini waulize nikichelewa mwezi mmoja mnafanya nini, jibu waliandike.