Mwanangu Subira, kuhusu ukuta wako

Mwanangu Subira,

Barua nimeipata na picha nimeiona. Swali lako ni moja: huo mchoro wa mtoto mwenye ngazi, uliopigwa usiku kwenye ukuta wako wa nje, uuwekee plastiki angavu ya kuukinga, au umkubalie yule bwana anayetaka kuubomoa na tofali zake akauuze? Nitafika huko. Kwanza acha kuuita grafiti tu, kana kwamba kila kitu ni kimoja. Hiyo ni stensili: umbo linakatwa kwenye boksi, kisha rangi inapulizwa kupitia matundu yake.

Stensili ni kazi ya wembe kuliko ya kopo la rangi. Mtu anakesha nyumbani akikata boksi. Ukutani hakai hata dakika tano. Na ugumu uko kwenye vishikizo: ukikata jicho lote, mboni inadondoka, kwa hiyo lazima uache vijiti vyembamba vya kuishikilia. Tazama goti la huyo mtoto, kuna mstari usio na rangi. Wewe umeandika kwamba hapo alikosea. Hakukosea, hapo ndipo boksi liliposhikana. Nimepaka nyumba za watu miaka thelathini na moja, mkono wa fundi naujua.

Lakini ukuta una mwenyewe. Nililisema hilo siku ile wewe na kaka yako mlipochora kwa mkaa sebuleni, mkasugua mpaka giza likaingia.

Mwaka aliozaliwa kaka yako nilipewa kazi ya kupaka uzio wa ghala. Kwenye uzio kulikuwa na bibi kizee amejitwika kiti, stensili nyeusi, safi kabisa. Tajiri akasema futa. Nikapiga rangi ya maji nyeupe. Kesho yake bibi anachungulia. Rangi ya kupuliza ni kaidi, inapenya, inataka itangulizwe praima, na hela ya praima tajiri aliibana. Nikarudia. Siku ya tatu akaja msichana wa shule na daftari. Kumbe alikuwa akimnakili yule bibi, amefika kwenye miguu ya kiti. Akasema, "Mzee, bado sijamaliza." Mimi hata mvi sikuwa nazo! Nikamjibu kwamba ukuta una mwenyewe, nikapitisha rola mbele ya macho yake. Ningeweza kwenda kunywa maji kwanza. Robo saa tu. Hakuna aliyekuwa akinihesabia.

Kwa hiyo mwaka 2010, wafanyakazi wa usafi wa jiji la Melbourne walipopaka rangi juu ya mchoro wa panya wa Banksy, yule mchoraji wa stensili wa Uingereza anayeficha jina lake, na dunia ikawacheka, mimi sikucheka. Walitumwa.

Na ile habari ya New York bado naibishia. Mwenye jengo la 5Pointz aliwaruhusu wachoraji miaka mingi, halafu Novemba 2013 akapaka kila kitu nyeupe. Mwaka 2018 jaji akamwamuru awalipe wachoraji 21 dola milioni 6.7. Alipishwe kwa kupaka ukuta wake mwenyewe! Nilikasirika, mama yako shahidi. Baadaye nikajiuliza: kama haki yote ilikuwa yake, mbona alipaka usiku?

Huyo bwana wako wa kubomoa naye si wa kwanza. Mwaka 2013 mchoro wa Banksy, kijana kwenye cherehani, ulikatwa ukutani huko London ukapelekwa mnadani Miami. Watu wa mtaa walipiga kelele mpaka ukaondolewa mnadani, ingawa baadaye uliuzwa hukohuko London. Hati ya ule ukuta hawakuwa nayo. Walikuwa wameuzoea, basi. Wanaupita wakienda kazini, hawakukata tiketi, hakuna aliyewauliza wamesoma wapi. Nadhani ndiyo maana michoro hii inapendwa sana siku hizi. Sasa mwenyewe wa ukuta ni nani hapo? Mwenye hati, bila shaka. Bila shaka.

Kifundi nitakwambia haya: plastiki ukiibana bila kuacha nafasi ya hewa, unyevu utajificha nyuma, plasta itavimba na mtoto atabanduka pamoja na ngazi yake. Kuhusu kuuza, sikuamulii. Ningekuwa mimi, yule bwana ningemwambia... hapana, nimesema sikuamulii.

Unalikumbuka lile boksi la uvunguni mlilotaka kuchomea takataka, nikawafokea? Nililiokota nyuma ya ule uzio, limegandamana rangi nyeusi. Mama yako anajua nililiokota. Hajui kwamba nililitumia, mara moja tu, siku alipokwenda msibani. Ndiyo sababu kabati la chumbani sijaruhusu lisogezwe. Bibi yupo nyuma yake na kiti chake. Mguu mmoja wa kiti umechuruzika, nilipuliza karibu mno.

Usimwambie.

Baba yako