Barua kwa mwanangu: namna ya kuisoma michango ya Tam Dalyell

Mwanangu,

Umeniuliza uanzie wapi kuipima michango ya Tam Dalyell, Mskoti wa chama cha Labour aliyekaa Bunge la London tangu 1962 hadi 2005, maana ukitafuta jina lake kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, unazama.

Usianze kwa kuhesabu. Hansadi humwandika kila anayesimama, kwa hiyo anayemkatiza mwenzake kwa sentensi moja huhesabiwa sawa na aliyehutubia nusu saa. Anza na siku moja: 14 Novemba 1977, Muswada wa Uskoti uliposomwa mara ya pili. Serikali ya chama chake mwenyewe ilitaka kuipa Uskoti baraza lake la kutunga sheria. Dalyell akauliza: wabunge 119 wa Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini wataendelea hadi lini kupiga kura juu ya mambo ya England, ilhali mambo hayohayo kwao hawana tena kauli nayo? Mfano wake maarufu ni wa miji miwili yenye jina moja: angeamua mambo ya Blackburn ya Lancashire, England, asiweze kugusa ya Blackburn iliyomo jimboni mwake, West Lothian. Mbunge mwenzake Enoch Powell ndiye aliyeliita Swali la West Lothian.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kutafsiriwa swali hili. Mbunge wa Zanzibar hupiga kura Dodoma juu ya elimu ya msingi ya Bara. Wa Bara hana kura katika Baraza la Wawakilishi.

Hoja yenyewe haikuwa mpya, ilimsumbua Waziri Mkuu Gladstone kuhusu Ireland mwaka 1886. Jipya lilikuwa kuifupisha hadi waziri akose pa kuikwepea, kisha kuirudia muswada mzima hadi wenzake wachoke. Kwa hiyo soma pia hatua ya kamati, na soma jibu linalofuata kila swali. Ukinukuu swali peke yake hutajua kama lilipenya.

Halafu ruka miaka. Tarehe 27 Januari 2004 muswada wa ada za vyuo vikuu vya England ulipita kusomwa mara ya pili kwa kura 316 dhidi ya 311, na bila wabunge wa Labour wa Uskoti ungeanguka. Mwaka 2015 Bunge likaweka utaratibu wa kuwapa wabunge wa England kura ya turufu juu ya miswada ya England pekee, 2021 likaufuta. Kwa maoni yangu, huo ndio uzito wa mchango: kuendelea kuwasumbua watu muda mrefu baada ya msemaji kukaa.

Kwa Belgrano, meli ya kivita ya Argentina iliyozamishwa na Waingereza 2 Mei 1982 katika vita vya Falkland, badili njia. Hapo Dalyell alichimba kwa maswali: meli ilikuwa wapi, ikielekea upande gani, nani alijua na saa ngapi. Usiishie kwenye mijadala. Fungua na majibu ya maandishi, uyapange kwa tarehe, na weka alama kila jibu jipya linapopingana na la kabla yake.

Baba yako