Kabla ya kununua saa janja, tafuta swali lako

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu, na maneno yake haya bado yananikaa moyoni: "Dada, wewe ndiye uliyenishawishi. Nilijinyima miezi miwili nikanunua saa janja. Sasa iko kwenye droo na chaja yake sijui iko wapi. Hivi vitu ni vya wanariadha, si vyetu sisi."

Niliusoma mara tatu. Uliniuma, kwa sababu ni kweli niliwahi kuandika makala ya kuvisifia vifaa hivi, na niliandika kwa moyo mweupe. Nikaandika jibu kali, nikalifuta. Baadaye nikaona huyu ndugu anastahili makala nzima, maana najua wenye droo kama yake ni wengi. Na mimi nilikuwa mmoja wao, jambo ambalo sikulisema kwenye makala ile. Hapo nilikosea.

Mimi nilianzia kwa daktari. Alinipima presha, akaitazama karatasi, akaniuliza natembea kiasi gani kwa siku. Nikamjibu, "Natembea sana." Sikumdanganya, niliamini hivyo. Wiki hiyohiyo nikanunua bangili ya mazoezi, zile nyembamba za mpira ambazo hazina hata kioo, yenye vitaa vitano tu. Kila ukipiga hatua 2,000 kitaa kimoja kinawaka, vikiwaka vyote vitano umetimiza 10,000. Siku ya kwanza nzima ya kazi, nimeamka alfajiri, nimerudi jioni nimechoka hoi, naigonga bangili kwa kidole: kitaa kimoja kimewaka, cha pili kinapepesa. Nikafungua programu kwenye simu. Hatua 2,912. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiitazama namba ile kama mtu aliyesomewa hukumu.

Basi nikaingia kwa pupa. Usiku saa tano na dakika arobaini ungenikuta natembea kati ya kitanda na kabati, nimevaa soksi nisiwaamshe watu, nasaka hatua 600 za mwisho kabla siku haijageuka. Niligundua pia kwamba nikikaa na kuupunga mkono, hatua zinaongezeka. Ndani ya kifaa kuna kihisi kinachopima mwendo wa mkono, na hesabu yake yote inatoka hapo. Nikaupunga. Halafu siku niliyomsukuma mwanangu kwenye kigari chake mchana kutwa, mikono imeshika mpini haitikisiki, bangili ikaniandikia siku ya uvivu. Nililia siku ile. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo, lakini mimi nilikuwa nimeikabidhi bangili ile kazi ya kuniambia kama mimi ni mtu wa bidii au la.

Laiti ningejua wakati ule namba 10,000 imetoka wapi. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kipima hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa, zuri, la kukumbukika, na likazunguka dunia nzima mpaka likaonekana kama agizo la daktari. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitoa utafiti juu ya wanawake wazee. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Kwangu mimi niliyekuwa na 2,912, kuongeza hatua 1,500 tu kungekuwa ushindi wa kweli. Badala yake kila usiku nililala nimefeli.

Mwezi wa tano nikaacha. Tena ukiniuliza niliacha siku gani, sitakuwa na jibu, maana sikukaa chini nikaamua. Niliivua Ijumaa nikaiweka kwenye chaji. Jumatatu nikakumbuka kwamba sijaivaa. Jumatano nikaihamishia kwenye droo ili isipotee. Nadhani wengi wetu tunaachana na vifaa hivi kwa njia hiyohiyo, kwa usahaulifu wa siku mbili au tatu baada ya kuchaji. Mwaka 2016 kampuni ya utafiti ya Gartner iliwauliza watu wa Marekani, Uingereza na Australia, na ikakuta kwamba takriban watu 3 kati ya 10 walionunua vifaa vya aina hii walikuwa wameacha kuvitumia. Sababu walizotaja zilikuwa kwamba hawavioni na faida, wamevichoka, au vimeharibika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hukuwa peke yako, na hata wakubwa wa biashara hii wameangukia pua. Nike, wale wa viatu, walitoa bangili ya mazoezi ya FuelBand mwaka 2012, na mwaka 2014 wakaachana na kutengeneza kifaa chenyewe. Jawbone walitoa bangili yao ya UP mwaka 2011, ikawaharibikia wateja wengi kiasi kwamba kampuni ikajitolea kuwarudishia fedha, na kufikia 2017 kampuni yenyewe ilikuwa inafilisiwa. Pebble, watengenezaji wa saa janja, walichangiwa na watu wa kawaida zaidi ya dola milioni 10 mwaka 2012, miaka minne baadaye wakafunga duka. Hata Fitbit, watengenezaji wa bangili za mazoezi waliokuwa jina la kwanza mdomoni mwa kila mtu, mwaka 2019 walikubali kununuliwa na Google kwa dola bilioni 2.1. Hao walikuwa na wahandisi na fedha. Walichokosa ni jibu la swali ambalo mtu wa kawaida hulijua bila kuambiwa: hiki kitu kinanisaidia nini mimi, leo?

Jibu hilo sikulipata vitabuni. Nilifundishwa na Mama.

Nilipopata saa janja yangu ya kwanza, furaha ilinizidi, nikamnunulia na yeye. Nikamfunga mkononi mwenyewe, nikamwonyesha hatua, usingizi, mapigo ya moyo, nikaondoka nimeridhika. Mwezi haukuisha, nikaikuta saa imefungwa kwenye kitambaa, imewekwa juu ya kabati. Akanieleza kwa upole. Alikuwa ameketi kando ya kitanda cha dada yake aliyekuwa mgonjwa sana, amemshika mkono, saa ikamtikisa ikimwambia asimame na kutembea kidogo. Baada ya saa moja ikamtikisa tena. "Mwanangu, nashukuru kwa zawadi," akasema, "lakini hiki kitu kinanifokea kama mtoto wa shule, na wala hakijui nimekaa wapi."

Nilinuna. Nilimwona mkaidi, na nusu ya makala ile ya kusifia niliiandika kwa hasira za siku hiyo, nikitaka kumthibitishia kwamba amekosea. Hajakosea. Kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu anayependa kushindana kilikuwa kimepelekwa kwa mwanamke aliyekuwa akiuguza.

Miezi ikapita. Mama akaanza kulalamika kwamba usiku moyo unamwenda mbio, halafu unatulia wenyewe. Kila akifika hospitali, moyo umetulia, vipimo safi, anarudishwa nyumbani. Alianza kuona haya kulisema, kama vile anasingizia. Hapo ndipo nikaishusha ile saa kutoka juu ya kabati. Safari hii nilizima kila kitu. Nikazima hatua, nikazima "simama", nikazima medali na pongezi na jumbe zote. Nikaacha saa yenyewe kwa tarakimu kubwa, simu inayoingia, na mapigo ya moyo. Nikamwambia, "Mama, hii ni saa. Ila usiku itaandika moyo wako unavyokwenda."

Akaivaa. Wiki ya tatu tukafungua simu pamoja. Mstari umelala chini kwenye mapigo 62, 64, 61 kwa dakika, halafu saa tisa na robo usiku unaruka ghafla hadi 138, unakaa hapo dakika ishirini, unashuka. Ulifanya hivyo siku tatu tofauti. Mama aliugusa ule mstari kwa kidole, akasema polepole, "Ndio huo. Ndio huo ninaowaambia." Tukaupeleka kwa daktari. Hakuuchukua kama kipimo kamili, na alifanya vizuri, lakini ulimtosha kumfungia Mama kifaa cha hospitali cha kurekodi moyo kwa siku kadhaa. Tatizo likaonekana, akaanzishiwa dawa.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, maana hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Kisa cha Mama hakimaanishi kila mtu anahitaji saa hii. Chuo Kikuu cha Stanford kiliwafuatilia zaidi ya watu 400,000 waliovaa Apple Watch, saa janja ya kampuni ya Apple, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliopata tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa karibu nusu ya asilimia moja tu. Maana yake wengine wote, karibu kila mtu, saa ilikaa kimya mkononi. Ukinunua kwa kutegemea siku moja ikuokoe, huenda ukasubiri miaka, na subira hiyo haitakufanya uikumbuke kila baada ya kuichaji.

Kinachokufanya uivae ni swali lako mwenyewe. Mama alikuwa na swali moja lililokuwa likimnyima usingizi. Mimi kwenye bangili sikuwa na swali, nilikuwa na hofu na namba ya mtu mwingine. Sasa ninalo: je, moyo wangu unapata nguvu? Kila asubuhi natazama mapigo nikiwa nimepumzika, basi; yakishuka, moyo unapata nguvu. Nilianza na 81. Baada ya miezi tisa ya kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki, yaani zile dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini kwa watu wazima, nimefika 67. Ninajivunia namba hiyo na sioni sababu ya kuificha.

Kwa hiyo tafuta swali kabla ya kutafuta saa. Na usiulize swali ambalo kifaa hakiliwezi. Kalori, kwa mfano. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walipima vifaa saba. Sita kati yao vilipima mapigo ya moyo vizuri, na kosa halikuzidi asilimia 5. Kwenye kalori zilizochomwa, kile kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kibovu kabisa kwa 93. Anayekula kwa kufuata kalori za saa anajipunja au anajizidishia bila kujua. Kupunguza uzito nako ni hivyohivyo. Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilitangaza mwaka 2016 kwamba, baada ya miezi 24, waliopewa kifaa walipungua kilo 3.5, na wasiopewa walipungua 5.9. Niliposoma hilo nilizikumbuka zile hatua zangu za usiku wa manane, nikaelewa jinsi mtu anavyoweza kufanyia kazi kifaa akasahau mwili.

Wenye wasiwasi wa kulala nawaomba waiache saa mezani. Kuna watu wanaolala vizuri tu, wakiamka na kuona alama mbaya ya usingizi wanashinda wamechoka, na usiku unaofuata hawalali kwa kuiwazia ile alama. Madaktari wa usingizi waliokutana na wagonjwa wa namna hiyo walilipa tatizo hilo jina lake mwaka 2017.

Na kama ni mapigo ya moyo unayoyatafuta, ikaze saa vizuri. Vile vitaa vya kijani vya nyuma vinapeleka mwanga ndani ya ngozi, damu inaunyonya, na saa inahesabu mwanga unaorudi unavyopungua na kuongezeka kila moyo unapopiga. Ikilegea, mwanga wa nje unaingia na namba zinaruka ovyo. Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, isicheze. Ichaji unapooga na kuvaa, muda uleule kila siku, isipate nafasi ya kulala mezani mpaka Jumatatu.

Wanaouliza kama vifaa hivi vitawafikia watu wote, mimi naamini vitafika, na kwa njia aliyonionyesha Mama. Apple walipoingia sokoni mwaka 2015 walikuja hata na saa ya dhahabu ya dola 10,000 na zaidi, kana kwamba wanauza pambo. Miaka mitatu baadaye walikuwa wanauza saa inayochora umeme wa moyo, na hapo ndipo watu wazima wenye wazazi walipoanza kuuliza bei. Kijana wa mbio tayari amenunua, hahitaji kushawishiwa. Aliyebaki ni mama aliyeketi kando ya mgonjwa, na huyo atavaa saa inayojua kukaa kimya.

Msomaji wangu, itafute hiyo chaja. Kabla hujaivaa, zima arifa zote, kisha niandikie sentensi moja tu: unataka kujua nini kuhusu mwili wako? Ukikosa la kuandika, iuze au mpe mwenye swali, na radhi yangu naomba uipokee. Ukilipata, nitumie, tuangalie pamoja kama saa yako inaliweza.